Usiukande Mguu Huu

Kabla hamjaanza kunionea huruma, jueni kwamba nipo hai, nanyonyesha, na kesho asubuhi nina mazoezi. Nimeandika haya kwa sababu nimechoka kusimulia mmoja mmoja. Kila mwanamke akinikuta anauliza, "Hivi dada, ulikuwa unaumwa nini hasa?" Nikifika katikati hasira zinanipanda, mwisho siufikii. Basi leo nimekaa chini, nayasema yote mara moja.

Naitwa Nyamizi. Nimezaliwa Usoke, nyumba ya wakulima wa tumbaku, Wakristo wa Kimoraviani, na nilirefuka kabla sijajua urefu wenyewe ni wa kazi gani. Shule ya msingi waliniita Mlingoti. Nilipofika sekondari Tabora mjini, mwalimu wa michezo alinitazama mara moja, akanirushia mpira wa kikapu, akasema, "Wewe simama chini ya goli, wenzako watakuletea." Nilipomaliza kidato cha nne timu moja ya Dar es Salaam ikanichukua, na tangu hapo mpira ndio unaonilisha. Mimi ni senta. Mpira ukikosa goli ukarudi, senta ndiye anayeruka kuudaka katikati ya viwiko vya watu. Mpira huo tunauita ribaundi. Wenzangu walipenda kufunga ili wapigiwe makofi. Mimi nilipenda ribaundi, kwa sababu pale unanyang'anya.

Nikaolewa na Joram, fundi umeme, ananifika begani na wala hana habari. Nikapata mimba. Kwetu mtoto wa kwanza unakwenda kumzalia kwa mama yako, kwa hiyo nikaaga timu. Kocha akaniambia, "Nenda salama, nafasi yako ipo." Nikapanda treni nikiwa na furaha zangu, tumbo mbele, miguu imejaa kwenye njia ya kupita abiria, kila mtu anairuka.

Nilijifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike, Mhoja. Vidole vyake virefu mpaka nesi alicheka. "Huyu naye ni wa mpira?" Nikamwambia, "Huyu ni wa kunyonya kwanza."

Nyumbani nikakabidhiwa kwa shangazi Kalunde, dada yake baba. Pale Usoke hakuna mzazi asiyeijua mikono yake. Shangazi anachemsha maji mpaka yanapiga kelele, anachovya taulo, anakukanda tumbo, anakukanda mgongo, anashuka na miguu. Ukipiga ukelele anasema, "Lia, uchungu ulishautoa, kilio hiki ni cha kuchekea." Halafu unapewa uji wa pilipili manga, unafunikwa, unalala. Mzazi hatoki ndani mpaka arobaini iishe. Mimi niliyezoea kukimbia kila siku nikalazwa kama gunia la michembe, vile viazi vya kukaushwa.

Ndipo kigimbi cha mguu wa kushoto kikaanza kuuma.

Sasa sikilizeni kosa letu, maana ni kosa la watu wawili wenye ujuzi. Mchezaji akiumwa kigimbi anajua ni msuli, na msuli unakandwa. Shangazi naye, mzazi akivimba mguu anajua ni uzazi, na uzazi unakandwa. Hapo hatukuwa na ubishi. Nikawa nang'ata kanga, namwambia, "Kaza, shangazi! Kaza hapo hapo!" Naye anakaza kwa viganja viwili, jasho linamtoka, anasema, "Mwanangu, mguu huu mgumu kama gogo. Ila kwangu utalainika tu."

Haukulainika. Uliendelea kuvimba mpaka goti likapotea. Ngozi ikang'aa, ikawa na wekundu wa kwenda kwenye samawati, na ukiigusa ina moto. Wa kulia ulikuwa mguu wa mtu, wa kushoto ulikuwa wa tembo. Duka la dawa wakatupa vidonge vya maumivu. Jirani mmoja akasema hilo ni chango la uzazi. Mwingine akasema wachezaji wenzangu wamenitupia kitu nisirudi uwanjani. Nikamwambia, "Mama, wale hata Usoke iko wapi hawajui. Watatupaje?"

Siku nilipoanguka nilikuwa nimechechemea kwa siri mpaka uani kuanika nepi. Kifua kikachomwa upande mmoja, kama mtu kaniingiza msumari mbavuni. Nikavuta pumzi, ikaishia njiani. Nikavuta tena, ikaishia pale pale. Nikakohoa, mate yakatoka na damu. Mama yangu aliyaona yale mate kwenye nepi nyeupe. Alikimbia barabarani akasimama katikati na mikono juu, mbele ya Fuso lililokuwa limepakia marobota ya tumbaku.

Dereva akatoa kichwa. "Mama, unataka kufa?"

"Sitaki, na mwanangu naye hataki. Fungua mlango."

Ndiyo nilivyofika Tabora, magoti yamegusa kidevu, mtoto kapakatwa na mama, shangazi kaning'ang'ania bega, na harufu ya tumbaku imetujaa puani. Dereva alikuwa akinigeukia kila mara. "Dada, unapumua?" Mimi nashindwa kujibu, shangazi anajibu, "Anapumua, wewe tazama barabara!"

Hospitalini wakaniwekea hewa ya oksijeni. Daktari alikuwa binti wa makamo yangu, mfupi, sauti ya chini. Akaufunua mguu, akauweka mwingine kando yake, akavilinganisha vigimbi kwa kamba ya kupimia. Akapitisha kile kipimo kama cha wajawazito, kuanzia kwenye nyonga kushuka. Kisha akauliza:

"Nani amekuwa akiukanda mguu huu?"

Shangazi akanyoosha mkono juu, kifua mbele. "Mimi, daktari! Kila siku, asubuhi na jioni!"

Kwa kweli nilitaka kucheka, ila kifua hakikuruhusu.

Daktari hakufoka. Akamshika shangazi mkono uleule. "Shikamoo mama. Umeukanda kwa mapenzi, nimeelewa. Lakini humu ndani hakuna msuli unaouma. Damu imeganda kwenye mshipa mkubwa. Mja mzito na mzazi damu yake huganda upesi, na huyu amepasuliwa, kisha amelala bila kutembea. Kipande kimekatika, kimesafiri mpaka kwenye mapafu. Pengine kingekatika tu chenyewe. Lakini mguu wa namna hii haukandwi. Kuanzia leo usiuguse."

Shangazi akaushusha mkono. Akautazama kama si wake. Kisha akakaa chini sakafuni, pale pale kando ya kitanda ambacho miguu yangu ilikuwa imepita mwisho wake, akalia.

Nilichomwa sindano za tumboni za kuzuia damu isiendelee kuganda, tumbo likawa na madoa kama chui. Usiku na mchana kazi yangu ilikuwa kuhesabiwa pumzi. Mhoja alinyonya hapo hapo, daktari alisema dawa haimdhuru. Nilipoweza kutamka sentensi nzima, ya kwanza ilikuwa hii: "Nitacheza lini?"

"Kwanza pumua," akasema.

"Napumua. Nitacheza lini?"

Akacheka. "Wewe ni mbishi. Utameza vidonge miezi kadhaa. Ukiwa navyo, damu ikitoka haikomi upesi. Kiwiko kimoja cha kichwani kinaweza kukuua. Kwa hiyo kutembea, ndiyo. Kurusha mpira peke yako, baadaye, ndiyo. Kugongana na watu, hapana, mpaka niseme mimi."

Siku hiyohiyo nikampigia kocha. Nilidhani atanipa pole. Alinipa, kisha akasema, "Dada, tumeshamchukua mwingine. Na wewe unajua, mwanamke akishazaa, halafu na ugonjwa kama huo... Lea mtoto." Nikamuuliza nafasi yangu iliyokuwepo imekwenda wapi. Akasema mtandao unasumbua.

Mtandao ulikuwa mzuri tu. Nililia kwa hasira mpaka mashine ya kunipima ikaanza kupiga kelele, nesi akaja mbio. "Unaumwa wapi?" Nikamwambia, "Dar es Salaam!"

Nilipotolewa tulipanga chumba Kanyenye, hapo hapo Tabora mjini, ili niwe karibu na vipimo vya damu. Joram akaja, akafunga umeme wa nyumba nzima ya mwenye nyumba kwa furaha ya kuniona. Mama akarudi shambani. Shangazi alikataa kurudi. "Nimeuharibu, nitautengeneza," akasema. "Nisipougusa, si nitautembeza?"

Basi kila asubuhi akambeba Mhoja mgongoni, tukashika njia ya Kwihara, ile ya zamani ya misafara. Mwanzoni nilikuwa nafika kwenye nguzo ya pili ya umeme nakaa chini, natweta kama mbwa. Wapagazi wa kwetu walipita humo humo na pembe za ndovu begani kwenda pwani, mimi hata mtoto wangu siwezi kumbeba. Shangazi ananisimamia. "Inuka, Mlingoti. Watu wanadhani nimekupiga." Kidogo kidogo nguzo zikaongezeka. Ikafika siku yeye ndiye aliyekaa chini, akaniambia nimsubiri.

Kisha tukaenda uwanjani, goli lisilo na wavu, saruji imepasuka. Mimi narusha, yeye anaokota. Shangazi yule, kanga mbili na kandambili, aligeuka bingwa wa ribaundi. Mpira ukirudi anaupokea kwa kanga kama anapokea embe, ananirushia huku ananitukana. "Umekosa tena! Kwa mkono huo utamlisha nani?" Watu wakawa wanakuja kutazama. Walikuwa wanamtazama yeye, si mimi.

Siku daktari aliporudia kile kipimo alisema mshipa umefunguka, na vidonge tuviache. Nikamwomba alitamke kwa mdomo wake lile neno nililokuwa nalingoja. Akasimama. "Nyamizi, nenda kagongane na watu."

Nilikwenda kujaribiwa na timu ya Dodoma. Dakika za mwanzo niliuogopa mwili wangu kama yai. Nikaruka kuchukua mpira, binti mmoja akanipiga kiwiko cha mbavu, upande uleule, nikaanguka chali. Nikalala pale nikavuta pumzi. Ikaingia yote, mpaka chini kabisa. Nikacheka kwa sauti. Yule binti akaniinamia, "Dada, umeumia?" Nikamwambia, "Hapana mdogo wangu, nipige tena." Wakanichukua siku ileile.

Namshukuru Mungu, maana bila Yeye hata Fuso lisingepita. Namshukuru daktari aliyeongea na shangazi yangu kwa heshima, maana angemfokea, leo shangazi angekuwa bado anakanda miguu ya watu kwa kisirani. Sasa hivi akiitwa kwa mzazi anaanza kwa kuilinganisha miguu. Ukiwa mmoja umevimba na mwingine hapana, anamwaga maji ya moto uani na kuwaambia wenye nyumba, "Huu si wangu, upelekeni hospitali." Wapo waliomnunia. Wake zao wazima.

Nanyi dada zangu mliozaa: mguu mmoja ukivimba, ukiuma na kupata moto, usikandwe, usisubiri arobaini. Kifua kikichoma na pumzi ikikatika, simama barabarani usimamishe hata gari la tumbaku. Na mtu akikuambia mwanamke akishazaa amekwisha, usimjibu upesi. Pona kwanza, maana kumjibu kunahitaji pumzi.

Jumamosi tunacheza na timu yangu ya zamani. Mchungaji amenishauri niwasamehe. Nimemwambia sawa, nitawasamehe. Baada ya mechi.