Nyasi Ziachwe

Kwenye banda la zana la uwanja wa kriketi kulikuwa na msumari mrefu, na kwenye msumari huo zilichomwa karatasi za Katibu wa klabu. Mtunza uwanja hakuwahi kutupa hata moja. Wachezaji walimwita Mzee Rola, kwa kuwa alikuwa amelivuta lile gogo la chuma la kushindilia ardhi kwa miaka ishirini na minne, na mabega yake yalikuwa yameinama kulifuata. Karatasi zile hakuzitunza kwa mapenzi. Kila moja aliichoma msumarini kwa hasira yake, akijiambia iko siku.

Katibu alikuwa mtu wa maneno mawili matatu. Salamu aliziona ni kupoteza muda. "Geti lifungwe." "Choo kisuguliwe." "Mipira ianikwe." Ianikwe na nani, lini na kwa nini, hayo msomaji angejijazia. Mzee Rola alikuwa na maoni yake kuhusu uandishi huo. Alisema mtu anayeagiza hivyo anataka kazi ifanyike bila yeye kuonekana ameagiza, ili siku mambo yakiharibika aonekane alikuwa anapita njia tu.

Jumatano moja, siku tatu kabla ya mechi kubwa ya msimu, karatasi mpya ilikuwa imesukumwa chini ya mlango wa banda. "Nyasi za katikati ziachwe."

Mzee Rola aliisoma mara mbili, akaenda nayo moja kwa moja ofisini. Nyasi za katikati ni za ule ukanda wa hatua ishirini na mbili, vijiti vitatu huku na vitatu kule, ambapo mrushaji hudundisha mpira na mpigaji huungojea na gongo lake. Ukinyoa ukanda ule na kuushindilia mpaka uwe upara, mpira huja kwa adabu. Ukibakiza nyasi, mpira hudunda na kuruka kama uliopigwa teke, na ukirushwa na mtu mwenye mbio hutafuta mbavu na kidevu.

"Katibu, hizi nyasi unataka nizibakize?" aliuliza.

"Si umesoma?"

"Nimesoma. Nauliza ili baadaye tusije kulaumiana."

Katibu alitabasamu kidogo, jambo ambalo kwake lilikuwa sherehe. Alieleza kwamba klabu imempata mrushaji mpya, kijana mwenye mkono mzito anayeitwa Radi, na kwamba wageni watakiona cha moto.

"Sawa," alisema Mzee Rola. "Lakini nyasi hazijui timu, Katibu. Wao nao wana warushaji."

"Wewe vuta rola. Mambo ya ufundi tuachie sisi."

Akaenda kuvuta rola.

Jumamosi mambo yalianza kama Katibu alivyopanga. Sarafu ilirushwa, wenyeji wakapata, Nahodha akachagua kurusha kwanza. Radi alikuja mbio na kweli mpira ulipaa. Uliwapiga wageni mapajani, ukawapiga vifuani, mmoja wao ukampasua mdomo. Mzee Rola, aliyekuwa ameketi juu ya rola yake ukingoni, aliwatazama wale wageni kwa heshima iliyozidi kukua. Walipigwa, wakajisugua, wakarudi kusimama palepale. Mpira mbaya waliuinamia, mpira mzuri waliuzuia, na Radi alipochoka wakamtandika. Wakafikisha mikimbio, zile alama za kriketi, mia moja na sabini na sita. Palepale, juu ya nyasi zilezile.

Kisha wenyeji wakaingia kupiga.

Wageni walikuwa na mrushaji mmoja mrefu, mkimya, asiyetukana wala kucheka. Alianzia mbio zake mbali sana karibu na kamba ya mpaka. Mpira wake wa kwanza ulipita sikioni mwa Nahodha ukivuma. Wa pili vilevile. Wa tatu Nahodha hakutaka hata kuujua. Aliinua gongo lake juu, mikono ikiwa mbali kabisa, akauacha mpira upite. Nahodha aliuacha mpira, lakini mpira haukumwacha Nahodha. Uling'oa kijiti cha kati ukakilaza chali, naye akawa ametolewa.

Baada ya hapo ilikuwa aibu ya kuangalia kwa vidole machoni. Wa pili alirudi nyuma hatua moja kila mrushaji alipoanza mbio, mpaka vijiti vikabaki peke yao kama watoto waliosahauliwa shuleni. Wa nne alifumba macho. Mzee Rola alimwona waziwazi, na baadaye angeapa. Wa sita aliitwa akiwa bado anatafuna, akaenda na tonge shavuni, akarudi nalo halijamezwa. Wa mwisho, ambaye pia ndiye dereva wa basi la timu, hakuwa amevaa hata pedi za miguuni, maana nani angedhani zamu yake ingefika kabla ya chai? Alivalishwa upesi upesi, pedi ya kulia mguu wa kushoto.

Walitolewa wote kumi kwa mikimbio ishirini na tisa. Kumi na mmoja kati ya hiyo ilikuwa ya bure, ya mipira iliyowapita wageni wenyewe. Hakuna mpigaji hata mmoja aliyeifikia hiyo ya bure.

Mzee Rola alijisikia vibaya kwa ajili yao, kweli. Uchungu ule ulidumu muda wa kutoka kwenye rola hadi kwenye kibaraza cha jengo la klabu, ambako alimsikia Nahodha, uso bado umesawijika kwa hofu, akiwaambia watu:

"Uwanja! Mmeuona uwanja ule? Yule mzee alitaka kutuua."

Na Katibu, aliyesimama kando yake, akatikisa kichwa kwa masikitiko na kunyamaza.

Ni ule ukimya uliomchoma. Nahodha alikuwa kijana aliyeogopa, na mtu aliyeogopa husema lolote. Lakini Katibu alijua. Mzee Rola alifika nyumbani akashindwa kuvua viatu kwa hasira. Mkewe, aliyekuwa akifua jezi za timu kwa miaka karibu ile ile, alimwekea chai na kumsubiri.

"Miaka ishirini na minne, mama watoto," alisema hatimaye. "Nimepiga magoti pale mpaka magoti yamekataa. Leo mimi ni muuaji!"

Jumanne saa kumi jioni aliitwa mbele ya kamati. Chumba kilikuwa na meza ndefu, viti vya plastiki, na kabati la vikombe, kimoja tu kikiwa cha miaka ya karibuni. Mama Mwenyekiti, mwalimu mstaafu aliyezoea kusikiliza kwanza, alikaa mwanzoni mwa meza. Katibu alisoma shtaka: mtunza uwanja alikaidi agizo la kukata nyasi.

Mzee Rola alisikia masikio yakiwaka moto. Akatoa karatasi mfukoni, akaiweka mezani, akainyoosha kwa kiganja.

"Someni wenyewe. 'Nyasi za katikati ziachwe.' Nimeziacha."

Wajumbe walivuta shingo. Wengi wao walikuwa na mtoto au mpwa katika ile timu, na ilionekana wazi kwamba walitamani karatasi ile iseme kitu kingine. Katibu hakubabaika. Alikohoa.

"Ndiyo. Ziachwe. Yaani ziondolewe. Mtu akiambiwa aache sigara, anabaki nayo mdomoni? Akimwacha mke, si ndiyo wametengana?"

"Hee!" Mzee Rola alisimama bila kujua. "Na ukiambiwa uache mlango wazi, unaung'oa?"

Mjumbe mmoja alicheka, akajifanya anapiga chafya. Katibu aliendelea kwa sauti ya mtu anayefundisha kwamba Kiswahili ni lugha pana, kwamba mtumishi mzoefu angeelewa, na kwamba wazee wana heshima yao lakini klabu nayo ina jina lake. Mzee Rola alimkumbusha swali alilomuuliza ofisini. Katibu akasema hakumbuki swali lolote. Alisema hivyo akimtazama machoni.

"Basi na wale wageni?" Mzee Rola alipiga meza. "Wao walipigia hewani? Si palepale walipata mia moja na sabini na sita?"

Kura zikapigwa, mikono mitano kwa miwili. Mkono wa Mama Mwenyekiti ulikuwa katika ile miwili, lakini wawili si watano.

Barua ilifika Alhamisi, imesukumwa chini ya mlango wa banda kama kawaida. Hata barua ya kumtoa mtu kazini Katibu hakuona sababu ya kuirefusha. "Kamati imeamua uachwe. Kuanzia kesho."

Aliipeleka nyumbani mkononi, hakutaka hata kuikunja. Mkewe alifuta povu mikononi akaisoma.

"Uachwe?" alisema. "Mwenye ruhusa ya kukuacha ni mimi, na bado sijaamua."

Mzee Rola hakucheka. Alikuwa anawaza kwamba kesho mtu mwingine angeshika ule mkono wa rola, na watu wangesema yule wa zamani alitaka kuua vijana. Kazi ingeweza kupatikana nyingine, labda. Jina halipatikani lingine.

Mkewe alikuwa bado anaitazama barua. "Baba watoto," alisema polepole, "unakumbuka ile siku tulipoosha sakafu ya ofisi ya Katibu?"

Akakumbuka. Akaivaa kofia yake, akarudi bandani kuangalia msumari.

Ijumaa saa kumi wachezaji walikuja mazoezini wakakuta kioja. Meza ya Katibu, ile nzito ya mbao yenye droo sita, ilikuwa inatoka mlango wa ofisi. Ilikuwa imefungwa kamba ya rola, na Mzee Rola alikuwa mbele yake, kamba begani, akivuta kwa mtindo wa miaka ishirini na minne. Ilishuka ngazi moja, ikashuka ya pili, droo zikitoa ulimi. Kalamu zilimwagika. Mama Mwenyekiti, aliyekuwa amekuja kuchukua funguo za banda, alisimama kibarazani akitazama.

Katibu alitoka mbio kutoka chooni, mkanda haujafungwa vizuri.

"Mzee! Umerukwa na akili? Hukupata barua?"

"Nimeipata. Namalizia viporo kwanza. Maagizo yako ambayo sikuyaelewa." Alitoa karatasi iliyotobolewa na msumari katikati. "Hii hapa ya mwaka juzi. 'Viti vitolewe. Meza ya Katibu iachwe.' Mimi na mke wangu kwa ujinga wetu tuliosha sakafu tukaizunguka hii meza. Kumbe ulitaka iondoke! Nisamehe kwa kuchelewa."

Akavuta tena. Mguu mmoja wa meza ulilia krrrak kwenye saruji.

"Wacha! Utaivunja! Nilisema iachwe!"

"Ndiyo naiacha, Katibu."

"Ibaki, wewe mzee! Ibaki mahali pake! Iachwe maana yake ibaki, hata mtoto mdogo anajua!"

Sauti yake ilifika mpaka kwenye kamba ya mpaka. Wachezaji walikuwa wamesimama, magongo mikononi. Nahodha aliinamisha uso, akaanza kuchunguza ncha ya kiatu chake.

Mzee Rola alilegeza kamba. Sasa hakuwa na haraka hata kidogo. Alipanda ngazi mbili, akampa Mama Mwenyekiti karatasi tatu, moja baada ya nyingine: ya meza, ya nyasi, na barua ya jana. Mwalimu mstaafu alivaa miwani akazisoma kama anayesahihisha madaftari.

"Iachwe, ibaki," alisema. "Ziachwe, zibaki." Akaifikia ya tatu, akamtazama Katibu juu ya miwani. "Uachwe. Umesema maana yake nini, Katibu? Nilisikia, lakini nataka darasa zima lisikie."

Katibu alitafuta uso wa kumsaidia kati ya wachezaji, akakuta migongo.

"Mimi nilitolewa na mpira nilioogopa," Nahodha alisema ghafla, bado akiangalia kiatu. "Si na nyasi. Samahani, Mzee."

Samahani ilipokelewa kwa kichwa tu. Hasira ya wiki nzima haiishi kwa neno moja, na Mzee Rola hakuwa mtu wa kujifanya imeisha. Alifungua kamba kwenye miguu ya meza, akaizungusha vizuri kiwikoni, akaielekea rola yake iliyokuwa ikimsubiri katikati ya uwanja.

"Naona nimeachwa," alisema. Kisha akageuka nusu. "Na hiyo meza irudishwe ndani."

Hakusema irudishwe na nani.