Siku Niliyomketisha Mama Kando ya Mkwe Wake

Nikikumbuka siku ile bado uso unanichoma, na si kidogo, kwa sababu aibu yenyewe niliipanga mimi kwa mkono wangu, kwa kalamu ya wino mwekundu, nikiandika majina ya kubandika kwenye viti.

Ilikuwa miaka ya tisini, tunazindua kitabu changu cha kwanza kwenye ukumbi wa kanisa pale Migori. Kitabu kilimhusu mama, Mkuria aliyeolewa Magunga kwa Wajaluo, na mimi bintiye, ambaye kwa kina baba niliitwa nyar jamwa (binti wa yule mgeni) na kwa wajomba nikawa Mjaluo tu, hata chai napewa mwisho. Nilitaka jambo moja: mama asikie nikisoma ukurasa wake mbele ya watu waliomdharau.

Sasa mchapishaji kutoka Nairobi akaniambia, "Madam, leta familia meza ya mbele, gazeti litapiga picha." Nami, msomi mzima, nikampa mama kiti cha pili na Ouma, mume wangu, kiti cha tatu, sahani za kuku mbele yao. (Mtoto wa darasa la tatu kwetu anajua mkwe na mama mkwe hawali pamoja, hata mkono hawapeani, lakini mimi mtaalamu wa mila, kurasa mia mbili, nilikuwa nafikiria picha.)

Mama alipofika akaona kiti kilipo, akasimama palepale mlangoni. Nikamfuata, nikamnong'oneza, "Mama, hawa ni wageni, vumilia kidogo," nikamvuta mkono, naye akaja ameinamisha kichwa. Ouma alikuwa ameshakaa, hajasoma jina la jirani yake, basi kumwona tu akaruka kinyumenyume, akashika kitambaa cha meza asianguke, akaanguka nacho, kuku, mchuzi, soda, vitabu vyangu, vyote chini, na mama amejifunika uso kwa leso. Ukumbi mzima ukacheka. Mpiga picha akabonyeza.

"Hiyo ndiyo picha," mchapishaji akasema.

Nilimkuta mama nje anapangusa mchuzi kwenye viatu alivyoazima kwa jirani.

"Umeandika kitabu kizima juu yangu," akasema, "na hukuniuliza hata nitakaa wapi."

Akarudi Magunga bila kuusikia ukurasa wake, na mpaka leo hataki kuusikia.

Picha ilitoka gazetini, watu wakacheka mpaka Homa Bay, na kitabu kikaisha madukani. Nimeapa sitamvuta tena mtu wangu mkono kwa ajili ya wageni, na kuapa sasa ni rahisi. Toleo la pili lilipokuja, mchapishaji aliomba ile picha aiweke kwenye jalada, na mimi, Mungu anisamehe, nikatia sahihi.