Roho Moja Chini ya Kochi

Kazi yangu ni kutengeneza makochi. Nikikaa kwenye kochi lako nitakwambia, bila kulifungua, kama springi zimelegea, na kama sponji ni sponji kweli au ni vipande vya magodoro vilivyoshindiliwa. Mtaani wananiita Fundi Kochi, na wateja wangu wakikaa hawazami. Anayezama ni mimi, nyumbani kwangu.

Kinyozi hajinyoi, ndugu zangu, lakini kinyozi ana kisingizio, kwamba hafikii kisogo chake. Mimi kochi langu nalifikia kila jioni. Nalifikia kwa makalio. Upande wa kushoto, ule unaotazama televisheni, pana shimo lenye umbo langu kamili. Mke wangu husema siku nikipotea hatahangaika kutafuta picha yangu, atawapelekea polisi lile kochi.

Shimo hilo limechimbwa na gemu. Tuna mashine moja kuukuu na padi mbili za kushika mkononi, moja ikiwa na kitufe nilichokirudishia kwa gundi ya kazini. Gemu lenyewe lina watu wawili wafupi wenye kofia pana, wanakimbia, wanaruka mashimo, hadi wafike kwenye daraja la moto linalolindwa na kaa mkubwa mwenye makucha ya chuma. Mmoja wao ni mimi. Mwingine ni binti yangu, Nukta, tuliyemwita hivyo kwa sababu alizaliwa mdogo kama nukta, ingawa mdomo wake ulikuja na ukubwa wake. Kila mtu anaanza na roho kadhaa. Ukianguka umekufa, roho moja imetoka. Zikiisha zote unalala chini ya skrini ukisubiri mwenzako avuke akufufue. Mimi, kwa kawaida, ndiye ninayelala.

Sasa, siku ya kisa hiki mama mkwe wangu alikuwa anatarajiwa kututembelea kesho yake. Huyu mama ana nyonga mbovu, na alipokuja mara ya mwisho alikaa kwenye shimo langu bila kujua. Kochi likammeza. Tulimvuta, mimi mkono huu, mke wangu mkono ule, naye aliposimama akanitazama kuanzia viatu hadi nywele, akasema, "Mwanangu ameolewa na mtoto mwenye ndevu."

Kwa hiyo mke wangu, kabla ya kwenda kazini kwenye tanuri la mikate, alisimama mlangoni akanipa hukumu.

"Baba Nukta, Mama akija kesho akute kochi limesimama. Asipolikuta, mashine hiyo inakwenda kwa mdogo wangu, na sitanii."

"Leo sishiki padi, mke wangu. Nakuahidi."

"Leo hufi?"

"Leo sifi hata kidogo."

Nilimaanisha kabisa. Ile saa ya jioni na Nukta ndiyo saa pekee anaponisimulia mambo ya shule bila kuulizwa, kwa sababu macho yake yako kwenye kaa. Mashine ikiondoka, saa hiyo inaondoka nayo. Nikaleta mikanda ya kushikilia springi, nikaleta sponji mpya, nikaweka nyundo mezani. Halafu Nukta, aliyekuwa likizo, akasema, "Baba, mara moja tu. Ya kuagana na shimo."

Mtu mzima angekataa. Mimi nikakaa.

Tulihangaika na lile daraja hadi nikabaki na roho moja. Nukta akapiga kelele, "Ruka! Ruka sasa!" Nikaruka nikiwa nimeshachelewa. Nikafa. Nikaitupa padi, nikatoka uani kunawa uso na kujilaumu.

Nikiwa huko simu yangu ikalia, Nukta akaipokea. Maneno waliyoambiana nimekuja kuyajua baadaye, kutoka pande zote mbili, nami nawapeni kama nilivyoyapata.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nipe baba yako, nataka kumwuliza kama nije na mto wangu wa kukalia."

"Baba amekufa."

"Unasemaje?"

"Amekufa sasa hivi. Ameanguka darajani."

"Daraja gani, mtoto wewe?"

"Lile lenye moto. Nilimwambia aruke, akachelewa. Si unajua Baba alivyo mzito?"

"Mungu wangu! Mama yako ameambiwa?"

"Mama yuko kazini. Usimwambie, Bibi, tafadhali, atakasirika. Baba alimwahidi leo hafi."

Hapo simu ikaisha chaji.

Nikarudi ndani nikijifuta uso. Nukta akasema, "Bibi amepiga simu."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia umekufa."

"Haya, vizuri," nikasema, nikachukua nyundo.

Msinicheke. Katika nyumba yetu neno hilo lilikuwa limechakaa kama kitambaa cha kochi lenyewe. Mimi nilikufa kabla ya chai na baada ya chai, na hakuna aliyenyanyua kichwa. Lakini bibi yule alikuwa hajawahi kusikia habari za roho zinazohesabika.

Nikaanza kazi. Fundi mwenye akili angelipindua kochi chini juu. Lakini chumba ni kidogo, na kulipindua kungetaka tuhamishe televisheni, na Nukta alikuwa ameshafika tena darajani, safari hii peke yake. Kwa hiyo nikaliinua juu ya vigoda, nikajilaza sakafuni, nikaingia chini yake hadi kifuani, miguu nje. Nikachana kile kitambaa cheupe cha chini ili niifikie mikanda. Likashuka vumbi la miaka yote ya ndoa yetu, pamoja na vifungo, kalamu, na kijiko ambacho niliwahi kumsingizia shemeji. Nikajifunika kitambaa kile usoni na kifuani nisubiri vumbi litulie. Mlango tulikuwa tumeuacha wazi.

Hivyo ndivyo mama mkwe alivyonikuta. Alikuja na jirani yake, mkunga mstaafu, mwanamke asiyejua kunong'ona.

"Wamemweka chini!" mkunga akasema. "Hata kumfunika hawakumfunika vizuri!"

Mama mkwe akalia. Kisha akamwona Nukta. "Mjukuu wangu! Unacheza, na baba yako amelala hapo?"

Nukta hakugeuka. "Ndiyo, Bibi. Nikivuka hapa anafufuka."

"Mshtuko huo," mkunga akasema. "Mwache."

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme karibuni. Ndipo mama mkwe akaanza.

"Mtu mwema wa watu! Nami nilimwita mtoto mwenye ndevu. Kumbe ndiye baba niliyemwona akikaa na mwanawe wakacheka hadi wakakosa pumzi. Marehemu mzee wangu alilea watoto wangu wote kwa kukohoa mlangoni tu."

Nikafunga mdomo. Ninyi mngefanyaje? Sifa kutoka kwa mama mkwe hazipatikani ukiwa hai. Nikatulia nisikie zaidi.

"Na alikuwa fundi hodari," mkunga akaongeza, kumsaidia.

Kilio kikakatika. "Hodari? Kochi lake lilinimeza mzima mzima! Lakini moyo, dada yangu, moyo alikuwa nao."

Hapo vumbi likaniingia puani. Nikapiga chafya iliyokirusha kitambaa hadi kwenye miguu yao, nikainuka kwa pupa, nikagonga ubao kwa paji la uso.

Mkunga alikuwa tayari yuko mlangoni. "Maishani nimepokea wengi wanaokuja!" akapiga yowe. "Anayerudi sijawahi kumpokea!"

"Nimevuka!" Nukta akashangilia. "Baba, umefufuka!"

Maelezo yalichukua muda, na hayakunipendeza. Mama mkwe alisikiliza habari za daraja, za kaa, za roho, huku akifuta machozi kwa hasira, kwa kuwa yalikuwa machozi mazuri na yamepotea bure.

"Yale niliyoyasema," akaniambia, "hukuyasikia."

"Sijasikia kitu, Mama."

"Mimi nimeyasikia," mkunga akasema.

Mke wangu akaingia akinukia mikate. Akamwona mama yake kwenye kigoda, mkunga mlangoni, kochi hewani, mumewe na nundu kwenye paji. Nukta akamsimulia yote bila kunisitiri popote. Mke wangu alikwenda moja kwa moja ukutani, akaushika waya wa mashine.

"Iache," mama yake akasema.

"Lakini Mama, si wewe uliyesema ni mtoto mwenye ndevu..."

"Niliyosema nayajua, na leo nimesema mengine. Mashahidi wapo. Iache." Kisha akanigeukia. "Kochi liishe kabla sijaondoka hapa. Na kufa katika nyumba hii ni mwiko tangu sasa."

"Tusemeje basi, Bibi?" Nukta akauliza.

"Semeni amelala."

Kochi likaisha, yeye akiwa juu ya kigoda ananisimamia kama mnyapara. Alipokaa, halikuzama. Akajitikisa mara mbili kulijaribu, kisha akaomba mto wake. Ulikuwa umebaki kwake, kwenye haraka za msiba.

Tangu siku hiyo sifi tena, ila jina langu la kazi ndilo linaloumia. Wateja wakipiga simu, Nukta anawajibu kwa adabu, "Baba amelala," na mtaani imeanza kusemwa kwamba Fundi Kochi analala mchana kutwa juu ya makochi ya watu.

Bibi yake peke yake ndiye anayeelewa. Juzi alipiga, nami nikamsikia kwa kuwa Nukta alikuwa amefungua spika ili mikono yake ibaki kwenye padi.

"Baba yako yupo?"

"Amelala, Bibi."

"Amebakiwa na roho ngapi?"

"Hana hata moja. Namfufua sasa hivi."

"Haya. Akiamka mwambie aruke mapema. Yule ni mzito."