Kitambaa Kilinasa, Nikasaini

Nimekosa, na kosa langu lina tarehe: Jumamosi, tarehe 15 Juni, kabla ya saa sita mchana. Nilikuwa na akili timamu, nimekunywa chai, na hakuna aliyenilazimisha. Mnisikilize hivyo hivyo.

Mimi ni mjane wa hapa Likasi. Ninanunua samaki katika vijiji vya ziwa Tshangalele na kuwauza sokoni mjini. Marehemu mume wangu alifanya kazi katika mgodi wa Kambove. Kazi yake ilikuwa kukagua kamba ya chuma iliyoshusha watu shimoni. Hakujua kusoma hata herufi moja. Kila Jumatatu alikunja kitambaa cha pamba kiganjani, akakipitisha juu ya kamba polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kitambaa kikinasa, maana yake uzi mmoja wa chuma umekatika na ncha yake imetokeza, na watu hawashuki siku hiyo.

Vitambaa hivyo nilivifua mimi, miaka ishirini na mbili. Nilijua kila tundu limetoka wapi. Kwa hiyo nisije nikasema sikujua!

Kusoma nilianza nikiwa na umri wa miaka arobaini na moja, katika darasa la watu wazima la kanisa letu. Nilipata cheti. Kimetundikwa sebuleni, juu kidogo ya picha ya harusi. Tangu siku hiyo sijakubali mtu anisomee kitu, hata maandishi ya mfuko wa chumvi.

Mwaka huu bei ya mafuta ya mashua ya injini ilinishinda, nikaamua kununua mashua ya tanga. Mhandisi mmoja mstaafu alikuwa anauza yake, nyeupe, yenye mlingoti mrefu ulioshikiliwa na waya za chuma: moja mbele, moja nyuma, moja kila ubavu. Nilikwenda na Papa Mwansa, mwendesha mashua wa miaka mingi, ambaye angeniendeshea. Naye hajui kusoma.

Mhandisi alinipa daftari la mashua. Jamani, daftari lile! Mistari iliyonyooka, tarehe kila ukurasa, sahihi kila tarehe. Nililisoma saa nzima, nimesimama, kwa sauti, ili watu wa ufukweni wasikie. Ukurasa wa mwisho ulisema waya zote zimekaguliwa mwezi Januari na ni salama.

Mhandisi akaenda ndani kutafuta kalamu. Mkono wangu ukaingia mkobani wenyewe, ukatoa kitambaa changu cha buluu. Nikakipitisha juu ya waya wa ubavu wa kushoto, kama nilivyomwona mume wangu akifanya.

Kikanasa.

Kilinasa chini kabisa, pale waya unapoingia katika kishikio chake. Nikavuta. Nyuzi mbili za buluu zikabaki kwenye waya. Nilijaribu kuzitoa, waya ukanichoma kidole. Nikazikata kwa kucha, vipande vikabaki.

Papa Mwansa alikuwa mbele, anakunjua tanga. Akageuka.

“Mama, iko muzuri?”

Hapo ndipo ningeweza kusema neno moja tu. Lakini nilikuwa nimekwisha kuwaambia akina mama wote wa kanisa kwamba nina mashua. Na kitambaa ni kazi ya mtu asiyesoma. Ndivyo nilivyofikiri, mke wa mtu yule! Kiburi gani hicho!

“Imeandikwa, Papa,” nikajibu.

“Bon. Kama imeandikwa, njo muzuri,” akasema, yaani basi ndiyo nzuri.

Nikasaini. Kidole bado kilikuwa kinatoa damu kidogo. Nilikuwa mwangalifu nisichafue karatasi.

Mashua ilifanya kazi vizuri wiki saba. Jumatano, tarehe 7 Agosti, asubuhi, nilikuwa ufukweni ninangoja samaki. Upepo ulikuwa wa kawaida wa Agosti. Papa Mwansa alikuwa karibu kufika, hata nilimwona akinipungia mkono. Kisha ukasikika mlio mfupi, na mlingoti ukaanguka. Ulimpiga bega la kushoto.

Wanaume walimtoa majini, wakamlaza kwenye mchanga. Akina mama wauza samaki wakanizunguka.

“Mama, nini ilifanya ivi?”

Nikajibu bila kukohoa: “Upepo ulikuwa mkali, naye hakushusha tanga.”

Mnaona? Kosa la Juni lilikuwa la kununua. Hili la Agosti lilikuwa la kuua jina la mtu. Alikuwa hajafungua hata macho!

Bega lilipona vibaya. Mkono haupandi kupita kifua. Hiyo peke yake isingemmaliza, kwa sababu usukani anaweza kuushika kwa mkono wa kulia. Kilichommaliza ni maneno yangu. Hakuna tena anayempa mashua. Anapopita ufukweni wanamwita Papa Vunja-Mlingoti, na wanamwuliza kama leo ameshusha tanga la suruali yake. Wanacheka. Mimi nilikuwa nikiangalia samaki wangu.

Jumapili, tarehe 1 Septemba, baada ya ibada, nilimpelekea unga na samaki. Mke wake alinipa kiti, akaenda kuwasha makaa. Papa Mwansa akatia mkono wa kulia katika mfuko wa shati, akanipa kipande cha waya kilichokatika, kirefu kama kidole.

“Mama, kamata kintu yako.”

Nilikitazama. Kwenye ncha, katikati ya nyuzi za chuma zenye kutu, palikuwa na vipande viwili vya uzi wa buluu.

“Njo pale ilikatikia,” akasema. “Ile kitambara yako minye naijua. Unapangusaka nayo jasho kila siku.”

“Mbona hukuwaambia watu, Papa?”

“Weye njo unajua kusoma, mama. Watu wangesikia nani, minye? Nilikuwa nangojea weye mwenyewe useme.”

Kisha akainua samaki mmoja kutoka kikapuni, akamgeuza.

“Na huyu iko mudogo.”

Alikuwa mdogo kweli. Ole wangu! Nilikuwa nimemchagua mwenyewe.

Kipande kile cha waya sasa kiko sebuleni, chini ya cheti. Wageni wakiuliza, ninawaambia.

Wewe unayekwenda kununua mashua ya tanga iliyotumika, soma daftari, ni vizuri. Lakini chukua kitambaa cha pamba, ukipitishe juu ya kila waya unaoshika mlingoti, hasa chini kwenye vishikio. Kikinasa, funga mkoba wako uende nyumbani. Na kama aliyekuja nawe anakuuliza iko vizuri, mwambie ulichokishika, si ulichokisoma.

Sikuweka jina langu hapa, kwa kuwa kwanza nataka kulitamka kwa mdomo. Jumamosi, tarehe 14 Septemba, saa mbili asubuhi, akina mama wote wakiwa wanapokea samaki, nitasimama ufukweni na waya huu mkononi. Nimemwomba Papa Mwansa aje akae mbele.

Amesema atakuja, na kwamba nisisome. Niseme tu.