Kapu la Saa Tano

Donna Restituta Sorvillo alikuwa na miaka mitatu hajashuka ngazi za nyumba yake, na hakuona kama amekosa kitu. Ngazi zenyewe ni tisini na mbili, goti lake la kushoto limekwisha, na huko chini kuna nini ambacho kapu haliwezi kukileta? Kila asubuhi aliliteremsha kwa kamba kutoka roshani ya ghorofa ya nne, likapanda na mkate, sabuni, gazeti la mumewe, na siku ya Ijumaa pweza. Napoli nzima imelelewa hivyo. Wanawake wa Vico Tre Colombe walikuwa na makapu kabla hawajawa na simu, na ukiniuliza mimi, kapu lilikuwa linajibiwa upesi zaidi.

Mumewe, Don Aniello, alizaliwa katika chumba kilekile anacholala sasa. Maisha yake yote alichapisha kadi za harusi na yale matangazo ya msiba yanayobandikwa kutani, mpaka kiharusi kikampoozesha upande wa kulia. Tangu hapo hawezi kumeza kitu kigumu. Anakula viazi vya kuponda na majani ya skarola yaliyochemshwa hadi yakalegea kabisa. Maneno yamemkimbia, aliyobaki nayo ni machache na mengi yake ni matusi. Restituta husema afadhali hivyo, kwani angebakiwa na sala peke yake asingemtambua. Lakini kabla kiharusi hakijamla ulimi vizuri, Aniello aliwahi kumshika mkono akamwambia, usinitoe humu. Hakuwahi kumwomba kitu kingine katika miaka hamsini na nne ya ndoa, labda chumvi.

Genge la mboga la Don Liborio lilikuwa mlangoni kabisa mwa jengo lao. Restituta akijitokeza tu roshanini, Liborio ameshajua cha kuchagua. Kisha ndipo ugomvi huanza, maana kwetu ukinunua bila kugombana muuzaji anaona umemdharau.

"Skarola zako za jana hizi, Libò."

"Za jana? Donna Restituta, hata umande haujakauka."

"Umande wa bomba. Nimekuona saa moja ukizimwagia maji."

Na siku ya shida, ndani ya kapu zilishuka funguo. Hilo halina haja ya maelezo: funguo zikishuka, wa kwanza kuziona anapanda. Desemba iliyopita Aniello alianguka kutoka kitandani. Funguo zikashuka, na Liborio pamoja na fundi viatu wa ghorofa ya kwanza walipanda wakitweta, wakamrudisha mzee mahali pake kabla kahawa haijachemka. Angenyamaza, mambo yangeishia hapo. Lakini Liborio, kwa moyo wake mwema na mdomo wake usio na kufuli, akampigia simu Loredana, binti yao wa pekee, aliyeolewa Torino.

Loredana hakufoka. Restituta angependa afoke, kwa sababu mtu anayefoka unaweza kumfokea nawe. Alisema polepole kwamba chumba kipo, lifti ipo, na daktari yuko ng'ambo ya barabara.

"Safari hii nanyamaza, Mama. Baba akianguka tena, mnakuja huku wote wawili. Niapie."

Restituta akaapa kwa roho ya mama yake, kiapo ambacho kwetu hakichezewi. Moyoni alijiwekea kauli yake: mtu akiinuliwa upesi hahesabiki kuwa ameanguka. Cha muhimu ni mikono miwili ya kiume na dakika kumi.

Mikono hiyo ndiyo iliyoanza kupungua. Fundi viatu aliondoka Januari, nyumba yake ikafanywa ya wageni, kama zilivyokwisha kufanywa za ghorofa ya pili na ya tatu. Masanduku ya magurudumu yakawa yanagonga ngazi toka alfajiri. Wageni wakaingia na namba za kubonyeza mlangoni, hawakuhitaji kumjua mtu. Halafu Liborio naye akapandishiwa kodi, akaja kusimama katikati ya kichochoro, kofia mkononi, akasema anakwenda kukaa kwa dada yake Pozzuoli. Restituta alimwambia aende salama na kwamba hata hivyo skarola zake zilikuwa mbaya. Akaingia ndani, akalia hadi Aniello akaanza kutukana.

Mahali pa genge akaja Ivano, mwanamume wa miaka arobaini, mpole, mwenye karai kubwa la mafuta. Alikaanga pizza na dagaa, akawauzia watalii katika karatasi iliyoviringwa. Si mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu wengi wetu tulitaka awe mbaya. Siku ya kwanza Restituta aliteremsha kapu kwa mazoea, Ivano akalijaza dagaa wa moto, bure. Aniello hawezi kula dagaa. Mkewe alikula wawili, akaangalia waliobaki, na hofu ikamshika, kwa kuwa chini hapakuwa na jani hata moja la kumlisha mumewe.

Basi wakapatana. Mwongoza watalii aitwaye Ornella alikuwa akipitisha kundi lake kila siku saa tano: kanisa kuu kwanza, halafu mtaa wa wachonga sanamu za pango la Krismasi, halafu kichochoro chetu, kisha soko la Pignasecca. Ivano alimwomba Restituta ateremshe kapu saa hiyohiyo, watu walione likishuka, walione likijazwa, wapate hamu ya kununua. Naye kila alfajiri angemletea skarola kutoka Pignasecca, azipandishe mwenyewe hadi mlangoni kabla hajawasha karai. Restituta alikubali. Angefanya nini? Aniello alipaswa kula.

Mwanzo aliteremsha kapu kimya, uso umenuna. Ornella akampungia mkono, akamwita kwa sauti nzuri ya kubembeleza.

"Donna Restituta, tuambie neno basi. Wametoka mbali hawa."

Akasema neno. Wakacheka, wakapiga makofi, na mama wa watu, tusimfiche, akapenda. Tangu usichana alikuwa na sauti ya kufika bandarini, na miaka mitatu hakuna aliyemtazama isipokuwa mgonjwa. Kesho yake akaongeza ishara za mikono. Wiki iliyofuata akaongeza mumewe: kwamba mzee anakufa kwa njaa, pandeni mumwone, amebaki mifupa, namwapia San Gennaro mtakatifu wetu si mchezo, nisaidieni jamani. Ornella alitafsiri huku akijifuta machozi ya kicheko. Kufikia katikati ya Februari, watu walikuwa wanasubiri chini toka saa nne na nusu, simu zimeinuliwa. Tulimtania kwamba siku hizi yeye ni mnara wa kumbukumbu, bado kubandikiwa kibao tu. Alijibu kwamba minara haipiki.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, baridi ya kupenya mifupa. Restituta alikuwa jikoni anachuja maji ya mboga akasikia kishindo. Aniello alikuwa amejaribu kufikia redio. Alikuwa chini sakafuni, ubavu kwenye vigae, mguu mmoja umejisokota ndani ya shuka, macho wazi. Hakutukana, na hilo ndilo lililomtisha Restituta kuliko kishindo.

Alimkamata kwapani akavuta. Hakusogea hata inchi. Goti likapiga kelele, naye akakaa chini kando yake, akajikokota tena akasimama. Alimfunika blanketi, akasukumia mto chini ya kichwa. Akatoka kwenye ngazi akaita ghorofa ya tatu, ya pili, ya kwanza. Wageni walikuwa wametoka kwenda kuangalia makanisa, nasi wa kichochoro tulikuwa kazini. Sauti yake ilishuka mpaka chini na hakuna mlango uliofunguka.

Kisha akasikia minong'ono ya watu kichochoroni, akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano kasoro dakika tano. Kwa mara ya kwanza tangu waanze kuja, alimshukuru Mungu kwa watalii. Watu arobaini wako chini, wenye mikono themanini, na Ivano, na Ornella. Dakika kumi tu, mzee yuko kitandani, na Torino hawatajua lolote.

Aliweka funguo ndani ya kapu akaliteremsha, akainama juu ya chuma cha roshani.

"Aniello ameanguka! Pandeni jamani, ameanguka, siwezi kumwinua!"

Makofi yakalipuka. Ornella aliinua uso akicheka, akawageukia watu wake akawaambia kuwa leo bibi ana jipya.

"Ornella, nakwambia kweli. Namwapia San Gennaro."

Hapo walishangilia zaidi, kwa sababu waliokuwa wamesoma habari zake mtandaoni waliingoja sehemu hiyo. Restituta alisikia maneno yake mwenyewe yakimrudia usoni. Alitafuta mengine. Alisema si mchezo. Alisema nisaidieni. Alipiga kifua. Kila neno ambalo mtu hulitunza kwa siku ya hatari yeye alikuwa ameshalitumia kuwachekesha watu, tena kwa mikono hiyohiyo na sauti hiyohiyo. Angetamani kunyamaza kimya ili wamwelewe, lakini mtu aliyenyamaza roshanini nani angempandia?

Kapu lilifika chini. Ivano aligeuka kutoka kwenye karai lililokuwa likinguruma, akaona funguo, akacheka. Akaziinua juu. Ornella alizipokea, na Restituta, kule juu, moyo ulimruka: sasa ameelewa, huyu ni mtoto wa hapahapa, mama yake naye aliteremsha funguo hivihivi.

Ornella alizishika vizuri kila mtu azione. Akawaeleza. Akasema kwamba katika vichochoro hivi funguo zikishuka kwenye kapu maana yake kuna mwenye shida, na wa kwanza kuziona anapanda, bila kuuliza, iwe usiku au mchana. Alieleza kwa uzuri, kwa mapenzi kabisa, na mwanamke mmoja mwenye kofia ya sufu akaguswa hata akaweka mkono kifuani. Wakazipiga picha. Kisha Ornella akazirudisha ndani ya kapu, Ivano akaweka juu yake karatasi ya dagaa wa moto, akavuta kamba mara mbili, kama ishara kwamba tayari.

Restituta alipandisha kapu. Sijui kwa nini alilipandisha. Yeye mwenyewe hakujua. Mikono ilivuta tu, kama ilivyovuta miaka yote. Alitoa dagaa, akatoa funguo, akaviweka juu ya meza pamoja.

Chumbani midomo ya Aniello ilikuwa imebadilika rangi kwa baridi ya vigae. Alikuwa akimtazama mkewe, akijaribu kusema kitu, na kitu hakikutoka. Restituta aliinama, akamvuta kwa mara ya mwisho, na alijua kabla hajavuta. Akachukua simu kutoka kwenye meza ya kitanda, akakaa sakafuni karibu naye, akaweka kichwa chake mapajani.

Loredana aliitikia upesi.

"Baba yako ameanguka," Restituta alisema. "Yuko hapa chini, mimi siwezi. Ita gari la wagonjwa, halafu njoo utuchukue."

Aniello alifumba macho. Alikuwa amesikia kila neno.

Kundi jingine la watalii lilikuwa limefika kichochoroni, na makofi yakaanza upya, yakiomba kapu.

"Mama, nani hao wanaopiga makofi?"

"Hakuna mtu, mwanangu," Restituta alisema. "Wapita njia tu."