Kizibao cha Hariri Nilichokikata Mapema

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na siisimulii kwa kujisifu. Nilikuwa kijana, nimetoka Nakuru nikijiita fundi, nikapata kazi huku ughaibuni, hapa Saltley, katika karakana ya mavazi ya maigizo. Tukaagizwa kizibao cha kiume cha mtindo wa Wafaransa wa zamani: hariri nyeupe, maua ya kudarizi kuanzia shingoni mpaka mifukoni.

Mdarizi wetu alikuwa Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu aliyefunzwa na masista. Ndiye aliyeniombea kazi pale. Asubuhi moja alikwenda kliniki, akaniachia hariri niichore maua tu. Mimi nikaona nimsaidie zaidi. Kwetu fundi hukata kwanza, urembo baadaye; nikashika mkasi, nikakata vipande vyote sawasawa na vipimo.

Aliporudi alikipapasa kipande kimoja kimoja.

"Mwana wangu, sindano inavutaka kitambaa," akasema. "Tunatengenezaka fleurs, maua haya, kwanza, njo tunakata. Juu ya nini haukuniuliza?"

Alidarizi hivyo hivyo, maana hariri nyingine haikuwepo. Mawaridi yalitoka mazuri ajabu, lakini hariri ilijikunja, na siku ya kupima kizibao hakikufunga kifuani. Mwenye karakana akauliza nani alikata. Nami, mwanangu, nikainamia cherehani kana kwamba imekwama uzi. Mama Furaha akasema ni yeye. Akaachishwa kazi siku ile ile.

Jioni nilimfuata kwake Hodge Hill kumwomba radhi. Alinipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kukata, nilishakusamehe," akasema. "Kunyamaza, ile iko yako."

Kesho yake nilimweleza mwenye karakana ukweli. Akamwita arudi, naye akakataa kwa upole. Alikwenda kutunza wazee kule Moseley, na tangu hapo sikumwona tena akishika sindano ya kudarizi. Majuto ni mjukuu, na wangu ninaye mpaka leo.

Basi mwanangu, ukiingia katika kazi ya watu, uliza wao huanzia wapi, hata kama kwenu ulikuwa fundi. Kuuliza si ujinga. Na ukiharibu, sema "ni mimi" papo hapo, kabla anayekupenda hajasema ni yeye. Ukweli wangu ulichelewa usiku mmoja tu, na haukumfaa kitu. Mungu akujalie kinywa kisichokufa ganzi siku utakapoulizwa.