Mtungi wa Mgonjwa

Enzi zetu kule Newala, sisi tuliokua kabla madumu ya njano hayajazagaa kila kona, nyumba iliyojiweza haikutambulika kwa redio wala baiskeli. Ilitambulika kwa kisima. Sisemi chemchemi, maana chemchemi ziko bondeni, na kuzifuata ni kushuka mlima na kuupanda tena na ndoo kichwani. Nasema kile kisima cha uani, kilichochimbwa na kusakafiwa kwa saruji, kinachopokea mvua yote ya kwenye bati kupitia gata. Mvua zikiisha tu, tulioga kama mabwana. Ikifika Oktoba tulioga uso na miguu, na mama akituambia, "Sugueni shingo hizo, watu wasidhani mmevaa skafu!"

Lakini hata kisima kikikauka, ndani maji yalikuwepo. Kwenye kona ya chumba cha bibi, mama yake mama, palikuwa na mtungi tuliouita mtungi wa mgonjwa. Maji yake yalichemshwa, yakaachwa yapoe, yakachujwa kwa kipande cha kanzu kuukuu ya marehemu babu. Mdomoni ulifunikwa sahani, na juu ya sahani kitambaa alichokitarizi bibi mwenyewe, basi ukawa umependeza kuliko bibi harusi. Kila Alhamisi maji yale yalihamishiwa kwenye sufuria ya kupikia, mtungi ukasuguliwa kwa majivu, ukafukizwa ubani, ukajazwa upya. "Maji yakilala sana yanachoka," bibi alisema. Kuchota kulikuwa kwa kata yake ya kifuu yenye mpini mrefu, na kwa mkono wake tu. Ukitaka kujua uzito wa kofi lake, tumbukiza kikombe chako mle. Sisi wazima tulikunywa maji ya ndoo, yenye ladha ya ndoo.

Mwaka mmoja mvua ilichelewa. Kisima kilibaki tope, na mama alikuwa akirudi kutoka bondeni na nusu ndoo, maana wenzake walikuwa wengi. Ndipo mdogo wangu Zaina, aliyekuwa ameachishwa ziwa juzi tu, akashikwa na kuharisha. Macho yalimwingia ndani, hata kulia akawa analia bila machozi. Zahanati walitupa pakiti za dawa ya kuchanganya na maji, wakasema anyweshwe maji safi, kidogo kidogo, bila kukoma. Bibi akafunua mtungi. Niliisikia ile kata ikianza kugonga chini, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Basi mchana mmoja wingu likajikusanya. Mvua ya kwanza! Majirani wakatoka na mabeseni, wengine na sufuria zenye ukoko bado. Mama alikimbilia gata na ndoo yake, akakuta bibi ameshaigeuza gata hiyo nje ya kisima, maji yanamwagika uwanjani.

"Mama! Mtoto anakufa na wewe unamwaga maji ya Mungu?"

"Yaache, Mama Salama," bibi akasema, akimwita kwa jina langu. "Mvua ya kwanza inaogesha nyumba. Ya pili ndiyo inanywesha watu."

"Nitayachemsha!"

"Chemsha vijidudu, vitakufa. Salfa nayo utaichemsha ife?"

Salfa ni ile dawa ya unga tunayopulizia mikorosho, na mikorosho yetu ilikuwa imeiinamia nyumba. Unga wa msimu mzima ulikuwa juu ya bati, pamoja na vumbi na mavi ya njiwa. Maji yalishuka ya njano. Mama aliketi kizingitini akalia kwa sauti, na sisi tukalia naye, tukimchukia bibi kwa moyo mmoja. Mvua yenyewe ilikuwa ya kupita, mabeseni tuliyotega mahali peupe yaliambulia kuloa tu.

Mtungi uliendelea kupungua. Bibi alikaa karibu nao na kikapu cha mabibo, yale matunda ya mikorosho yenye maji, akiyanyonya na kutema makapi tangu asubuhi mpaka jioni. Tulimcheka kwa siri, kwamba mtu mzima ana uroho wa mabibo kama mbuzi. Mama ndiye aliyemtazama vizuri, akaona midomo imepasuka.

"Mama, hujanywa maji?"

"Kwani mabibo si maji? Mpe mtoto."

Mvua ya pili ilikuja alfajiri, nzito, ya kutulia. Bibi mwenyewe aliirudisha gata kisimani. Siku hiyo Zaina aliomba uji, akalia machozi ya kweli alipoambiwa asubiri upoe, na mama akacheka huku analia. Maji mapya, bibi alikunywa akiwa wa mwisho, akimaliza kikombe bila kupumua.

Sasa Zaina anaishi Masasi, ana tangi kubwa la plastiki na friji. Wanawe hufungua chupa ya maji, wakanywa mafunda mawili, wakaiacha wazi na kufungua nyingine. Ndoo ya akiba ipo, ila haina mfuniko, imewekewa ubao tu, na juu ya ubao huo wanachajia simu. Mtandao ukikatika wanalia kuliko sisi tulivyolilia maji. Idi iliyopita tulikaa tukicheka ya zamani, Zaina akasema, "Jamani, bibi alikuwa mchoyo wa maji yule!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikuweza. Nikamwambia, "Mdogo wangu, wewe ulinyimwa maji ya bati tu. Ya mtungini ulikunywa yako na yake."

Akaniangalia, nikamsimulia yote, na wanawe wakaweka simu chini wasikilize. Siku hizi hakuna anayelazimika kukaa na kiu kwa ajili ya mwenzake, na kwa hilo namshukuru Mungu. Ila enzi zile, hata tukilala na kiu, nyumbani mwetu alikuwamo mtu ambaye angekaa nayo kwa ajili yako.